Fangasi Kwenye Lenzi za Kambo

Sehemu ya Saba

Waliokuwa nami wiki iliyopita wanajua nilipoishia: wifi yangu ananinyang'anya funguo za stoo mbele ya wateja, nami nimebaki kiganja wazi kama mtu anayeomba chumvi.

Kwa waliochelewa, nafupisha. Niliolewa katika nyumba inayouza lenzi za kamera zilizotumika. Duka liko mbele, karakana ya mume wangu iko katikati, vyumba vya kulala viko nyuma. Ukienda sokoni unapita dukani, ukirudi unapita dukani. Mlango ni huo mmoja, na kwenye kaunta yake anakaa wifi.

Nikapewa kazi ya stoo. Kabla hata sijaizoea, wakaanza kusema lenzi zinaota fangasi.

Msiojua biashara hii mtaniuliza, fangasi ni nini cha kumfukuzisha mtu? Fangasi huota ndani kabisa, kati ya kioo na kioo, nyuzi nyeupe nyembamba ambazo kitambaa hakizifikii. Picha zinatoka zimefifia. Na ukiiweka lenzi hiyo kabati moja na nzima, hata ile nzima hupata.

Wakasema nina mkono wa unyevu. Kwanza kwa utani. Kisha kwa kunong'ona. Jana wakasema kwa sauti, na baba mkwe akatoa kauli: leo, baada ya chakula cha mchana, ataamua kama nabaki na mume wangu au narudishwa kwetu.

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Yangu mimi ilikuwa imeshapanda shingoni.

Sasa nimweleze baba mkwe, maana bila yeye hamtanielewa.

Mtaa mzima unamwita Tochi. Duka lake haliuzi lenzi za majina makubwa. Hizo zina wenyewe. Yeye huuza lenzi za kuvuta za zamani, zile zilizotoka kwenye viwanda visivyotengeneza kamera, vilivyotengeneza lenzi tu za kuvalishwa kamera za watu wengine. Anaziita lenzi za kambo. Bei yake ni ya mnyonge, na kati yake zimo zinazopiga picha kuliko watoto wa ndani.

Shida ni kuzitambua. Kiwanda kimoja kilitengeneza lenzi ileile kikaiuza kwa majina matatu. Jina lilelile likaandikwa kwenye lenzi ya kufa na kuzikana, na likaandikwa kwenye takataka. Ukifuata jina umeliwa.

Baba mkwe hafuati jina. Anasoma tarakimu za mwanzo pembeni mwa kioo, anakwambia imezaliwa kiwanda gani. Anaitikisa sikioni. Anaiinamisha aone kama mrija unateleza wenyewe kwa uzee. Anabonyeza kipini cha nyuma aone yale majani ya chuma yanayopitisha mwanga yanafunguka upesi au yamegandana kwa grisi. Anavuta mbele, anarudisha nyuma.

"Lenzi inayojidai kuona mbali sana na karibu sana," husema, "haioni vizuri popote."

Mwisho anawasha tochi, anaishika nyuma ya lenzi, anachungulia kwa mbele. Neno moja tu linatoka. "Safi," na lenzi inapanda kabatini. "Fangasi," na lenzi inakwenda kwenye ndoo nje, muuza chupa anaizoa siku hiyohiyo.

Na hapa, msomaji wangu, shika sana. Akishasema, hakuna anayeichungulia tena. Ndiyo sheria ya nyumba, neno la tochi halirudiwi. Kuchungulia nyuma yake ni kumwambia mzee wa watu kwamba ni mwongo.

Kazi yangu mimi ilikuwa kuzitoa stoo, kuzifuta vumbi, kuvua vifuniko na kuzipanga mbele yake juu ya kitambaa cheusi. Kisha nasimama pembeni, mikono nyuma, nasikiliza "fangasi, fangasi, fangasi", na kila moja inanipiga mimi.

Basi leo asubuhi wifi katoka, sijui kaenda wapi. Baba mkwe yuko nyuma ananyoa ndevu. Nimekaa kaunta peke yangu nahesabu saa zangu za mwisho za kuitwa mke wa mtu.

Akaingia mpiga picha wa harusi, mteja wetu wa zamani, mtu wa maneno mengi na viatu vya kung'aa.

"Shemeji, hujambo? Tochi yupo?"

"Sijambo. Ananyoa."

"Nimeokota kitu jana." Akatoa lenzi ya kuvuta mfukoni mwa koti, akaiweka juu ya kaunta kama mtu anayemlaza mtoto. "Nimeinunua mahali. Mimi naiona nzuri, lakini roho haitulii mpaka Tochi aseme neno lake. Naiacha hapa, nakunywa chai, narudi."

Akatoka. Nikaitazama ile lenzi.

Ubavuni mwa mrija ilikuwa na kovu la kuungua, kama vile mtu aliwahi kuiegemeza kwenye pasi. Kovu lile nalijua. Nilikuwa nimelifuta vumbi juzi tu kwa mikono hii, nikaiweka lenzi juu ya kitambaa cheusi, na baba mkwe akasema "fangasi."

Nikatazama mlango wa nyuma. Nikatazama mlango wa mbele. Nikaichukua tochi ya mzee.

Ndiyo, niliichukua. Niliyekalia kuti kavu ningeogopa nini tena?

Nikafungua majani ya chuma yote, maana fangasi hupenda kujificha nyuma yake. Nikamulika kwa nyuma, nikachungulia mbele. Nikageuza, nikamulika mbele, nikachungulia nyuma. Nikavuta mrija hadi mwisho, nikamulika tena.

Hakuna kitu. Lenzi ilikuwa safi kama glasi ya mgeni.

Jamani, nilitaka kupiga kigelegele palepale! Sina mkono wa unyevu! Sikuharibu kitu! Lenzi zilikuwa nzima, na kilichoharibika ni...

Furaha ikakatika hapohapo. Kilichoharibika ni macho ya baba mkwe. Nenda basi ukamwambie. Mke wa mtoto hamwambii mkwewe kwamba kifungo chake kimefunguka, seuze jicho.

Mpiga picha akarudi anafuta mdomo. "Bado ananyoa?"

"Bado. Hivi, shemeji, uliinunua wapi?"

"Nyuma ya soko la viatu. Kuna jamaa ana kabati dogo la kioo, zamani akiuza makava ya simu, sasa kaingia kwenye lenzi. Mcheshi huyo! Kila anachokwambia anakiapia goti la mama yake. 'Haki ya goti la mama, lenzi hii haina doa!' Nilicheka mpaka nikasahau kupatana bei."

Mimi sikucheka.

Mama yetu ana goti linalovimba. Tangu tukiwa wadogo akitaka tuseme kweli anatuambia, apeni kwa goti langu. Duniani kuna nyumba moja tu inayoapa hivyo, na waliotoka humo ni wawili. Mmoja ni mimi. Mwingine ni kaka yangu, tumbo moja.

Mnaona mtego ulivyokaa? Lenzi ikiwa na fangasi, mimi ndiye niliyeiharibu. Lenzi ikiwa safi, imeondokaje dukani kwa baba mkwe kama takataka, ikaishia kwenye kabati la kaka yangu? Nikijitetea naonekana mwizi. Nikinyamaza nafukuzwa.

Nikakimbilia karakana.

Mume wangu alikuwa ameinama juu ya lenzi iliyofumuliwa, skrubu amezipanga kwenye kifuniko cha kopo. Yeye ni mpole. Wanawake wa mtaa waliniambia nina bahati kuolewa na mtu mpole. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

"Mume wangu, baba haoni."

Hakuinua kichwa. "Punguza sauti."

"Nimeichungulia lenzi aliyoikataa juzi. Haina kitu. Baba haoni!"

"Nimesikia." Akachukua skrubu moja kwa kibano. "Najua."

"Unajua nini?"

"Najua haoni vizuri. Tochi ikimpiga jichoni ndiyo inakuwa mbaya kabisa, anaona nyeupe tu. Ilianza kabla yako, kidogo kidogo. Alizokataa za mwanzo nilizifunika funika."

Nikakaa juu ya kreti. "Kabla yangu? Mbona kabla yangu stoo ilikuwa ya wifi?"

Akaigeuza skrubu kwenye kibano.

"Nakuuliza. Stoo ilikuwa ya wifi. Nani alisema nipewe mimi?"

"Dada asingekubali kubebeshwa," akasema. "Wewe una moyo mpana."

Wasomaji wangu wapenzi, nimetukanwa sana katika maisha yangu, na mengine nimewasimulia humuhumu. Sijawahi kutukanwa kwa sifa.

"Kwa hiyo ulinioa ili nibebe zigo?"

"Nilikuoa kwa sababu nakupenda. Zigo lilikuja baadaye." Na ubaya ni kwamba alikuwa anasema kweli, niliiona usoni. "Sikiliza. Watu hawaji hapa kununua lenzi, wanakuja kununua neno la baba. Akiambiwa macho yamekwisha, naye amekwisha, na duka limekwisha, na sisi sote tumekwisha. Wewe ukisemwa una mkono wa unyevu, unapungukiwa nini?"

"Napungukiwa na wewe."

"Nitakufuata kwenu."

"Lini?"

Akaanza kutafuta skrubu ambayo haikuwa imepotea.

"Apelekwe kwa daktari wa macho," nikasema. "Mtoto wa jicho watu wanatolewa kila siku, wanarudi wanatunga sindano!"

"Mwambie."

"Wewe ndiye mwanaye!"

"Ndiyo maana siwezi."

Nikaona nimmalizie habari yote, aumie na yeye. Nikamwambia aliyeiuza ile lenzi ni shemeji yake, kaka yangu mimi, na mpiga picha yuko dukani anamsubiri baba.

Hapo ndipo alipoinua kichwa. Akavua aproni, akaitupa juu ya skrubu zake, mtu ambaye hata mimi haniruhusu kuzigusa.

"Unakwenda wapi?"

"Kuzima moto," akasema, akapita dukani akatoka.

Chakula cha mchana sikukigusa. Kilipoondolewa, baba mkwe akaketi kwenye kiti chake nyuma ya kitambaa cheusi, kidevu kimenyolewa vizuri, shati limepigwa pasi. Wifi alikuwa amerudi. Alisimama kaunta, funguo za stoo zinamlialia mkononi. Mume wangu hakuonekana. Mpiga picha alikuwa bado anasubiri, koti na kofia amevitundika kwenye stendi ya kamera karibu na mlango.

"Mbele ya yote," mpiga picha akasema, "Tochi nisaidie hii."

Sikuweza kumzuia. Ningesema nini?

Baba mkwe akaipokea. Akaisoma tarakimu kwa ncha ya kidole, nami nikashangaa, maana siku zote nilidhani kidole kile ni madaha. Akaitikisa. Akaiinamisha. Akavuta, akarudisha. "Hii ni ya kiwanda kizuri," akasema. "Waliitengeneza kabla hawajaanza kutia plastiki. Uliyeiokota una jicho."

Mpiga picha akatabasamu mpaka masikioni.

Kisha tochi. Akachungulia.

"Fangasi."

Tabasamu likaanguka. "Haiwezekani, Tochi."

Hakuna aliyewahi kusema neno hilo mbele ya kiti kile.

"Iko juu, upande wa kulia," akasema baba mkwe. "Imetanda."

"Nisamehe, mkubwa wangu, lakini jana nimepiga nayo ukuta wa matofali. Tazama." Akatoa picha, akazisambaza juu ya kitambaa. Kila tofali lilikuwa na mipaka yake, hata mdudu aliyetua ukutani ungemhesabu miguu. "Fangasi gani inatoa picha hii? Hebu ichungulie tena." Akaichukua lenzi mkononi mwa mzee, akaigeuza juu chini, akamrudishia.

Baba mkwe akamulika. "Juu. Upande wa kulia."

Aliposema hivyo, nikamwona anasita.

Maana fangasi ya kweli huzunguka na lenzi. Ukiigeuza juu chini, iliyokuwa juu kulia inashuka chini kushoto. Somo hilo alinifundisha mwenyewe wiki yangu ya kwanza dukani. Doa lisilozunguka na lenzi haliko kwenye lenzi.

Alizungusha lenzi polepole, robo, nusu, mzunguko mzima. Sikuwahi kumwonea mtu huruma kama nilivyomwonea yeye wakati ule, na ndiye aliyekuwa anakaribia kunifukuza.

"Baba," wifi akasema, "usijisumbue. Lenzi hiyo ni safi."

Nikageuka kumtazama. Kwa sekunde moja nilidhani amekuja kuniokoa. Mtu anayezama hushika hata povu.

"Ni safi, na ilikuwa safi juzi ulipoikataa. Zote zilikuwa safi. Leo asubuhi nimemfuata muuza chupa, akanionyesha anakozipeleka. Unajua ni kwa nani, baba? Kwa kaka yake huyu."

Mpiga picha akaanza kukusanya picha zake.

"Nani anayezifuta lenzi kabla hujazitazama? Huyu. Nani anayevua vifuniko? Huyu. Anapaka mafuta ya nywele kwenye kioo cha nyuma, kidogo tu, wewe ukimulika unaona utando, unasema fangasi. Ndoo inatoka, kaka yake anafuta mafuta, anauza. Mkono wa unyevu! Mkono wa unyevu gani? Huu ni mkono mrefu!"

Nitawaambia ukweli: hata mimi niliyekuwa sina kosa, niliposikia nikaona inaingia akilini. Uongo wake ulikuwa umekaa vizuri kuliko ukweli wangu.

"Sikupaka chochote," nikasema. "Naapa kwa goti la..." Nikajiuma ulimi, nimechelewa.

"Mnasikia?" wifi akapiga makofi. "Hata kiapo ni kimoja!"

"Tokeni nje," akasema baba mkwe.

"Baba..."

"Nyote wawili. Nimesema nje. Mke wa mwanangu abaki. Mlango uacheni wazi."

Wakatoka, wakasimama barabarani, wifi ametupa mgongo lakini masikio ameyaacha ndani. Baba mkwe akaizima tochi. Akasema kwa sauti ya chini sana, mpaka ikabidi nisogee kiasi ambacho heshima inaruhusu.

"Mwanangu, umeichungulia."

Nikaitazama tochi.

"Tochi yangu huwa naiweka kichwa kikitazama ukuta. Leo nimekikuta kinatazama mlango. Umeichungulia. Umeona nini?"

"Safi, baba."

Akashusha pumzi ndefu, kama mtu aliyetua mzigo ili aubadilishe bega. "Asante. Hakuna aliyekuwa ananiambia. Nilikuwa najidanganya ni hali ya hewa."

Machozi yakanitoka. Nikasema, "Baba, ni mtoto wa jicho tu. Daktari anamtoa. Mimi mwenyewe nitakupeleka, nitakushika mkono."

"Nikishikwa mkono hadharani, nani ataniletea lenzi kesho?"

"Lakini baba..."

"Sikiliza. Nimekufundisha mimi, na una jicho. Kuanzia kesho utakaa hapa, kushoto kwangu. Nikimulika, utagonga meza kidogo kwa kidole kama ni safi. Hukugonga, najua ni fangasi. Nitakufundisha yote niliyobakiza. Hutarudi kwenu. Stoo ni yako, funguo ni zako, mume ni wako."

Nilikuwa nimesubiri maneno hayo tangu niingie nyumba ile. "Na wifi? Na mafuta ya nywele?"

"Hilo utalikubali."

"Nikubali nini?"

"Kwamba ulipaka. Nitakusamehe mbele yao wote. Watu wakijua mke wa mwanangu aliwahi kuwa na tamaa, watasema, basi watasahau. Wakijua Tochi haoni, hawatasahau."

"Baba, mimi sikupaka."

"Najua."

"Basi sema!"

"Nikisema, nitakuwa nimesema na lile lingine." Hakuwa mkali. Laiti angekuwa mkali ningempigia kelele. "Sikulazimishi. Ukikataa, utarudi kwenu leo, na barabara nzima itajua kwa nini. Ukikubali, utabaki."

Nibaki, niwe mwizi aliyesamehewa. Kila siku nikae kushoto kwake nagonga meza, na kila kitakachopotea nyumba hii wanitazame mimi kwanza. Niondoke, niwe mwizi aliyefukuzwa. Neno "mwizi" lilikuwa pande zote mbili, la kuchagua ni kitanda tu.

"Na kaka yangu?" nikauliza. "Yeye alinunua ndoo kwa muuza chupa kama mtu yeyote."

"Kaka yako hatatajwa. Hilo nakuahidi."

Nilikuwa sijajibu. Nawaapieni, nilikuwa bado najiuliza, niliposikia vurugu mlangoni.

Kaka yangu aliingia anahema, shati limetoka suruali, mume wangu yuko nyuma yake. Wifi na mpiga picha wakaingia kwa kumfuata, hakuna anayetaka kupitwa.

"Mzee, ni mimi!" kaka akasema. "Dada hana kosa. Ni mimi niliyemtuma apake mafuta kwenye vioo. Alinikatalia, nikamlilia shida, akanionea huruma. Nipeleke popote, lakini dada yangu asirudishwe nyumbani. Haki ya goti la mama, ni mimi!"

Nikamtazama mume wangu. Alikuwa anatazama vidole vya miguu yake. Hapo nikaelewa moto alikwenda kuuzima kwa maji gani. Alimwambia kaka kwamba akijitwisha kosa, mimi napona, na habari ya mafuta wameipata kwa wifi pale nje. Na kaka yangu, mjinga wangu mpenzi, hakuuliza mara mbili. Yeye ambaye hata utotoni hakuthubutu kuapia goti lile kwa uongo, leo ameliapia mbele ya watu, kwa ajili yangu, kwa kosa ambalo halikuwahi kutendeka.

Sasa nimkane nani? Nikisema sikupaka, kaka ni mwongo na mimi ni mwizi asiyetubu. Nikisema nilipaka, nimemfunga kamba mwenyewe.

Mtu mmoja tu angeweza kutufungua. Aliahidi kaka hatatajwa. Alijua hakuna mafuta yaliyopakwa. Nikamgeukia.

Baba mkwe aliinua uso kuelekea mlangoni. Jua la mchana lilikuwa linaingia pale kwa nguvu zote. Upande mmoja wa mlango alisimama kaka yangu. Upande wa pili, hatua chache kutoka kwake, ilisimama stendi ndefu ya kamera ambayo mpiga picha alikuwa ameitundikia koti lake na kofia juu.

"Nakutazama usoni, kijana," baba mkwe akaiambia ile stendi, "na naona unasema kweli."

Mume wangu alikuwa bado anatazama vidole vyake. Mpiga picha alikuwa ameinamishia macho sakafuni kwa aibu ya kushuhudia mambo ya watu. Kaka alikuwa analia, uso ameufunika kwa viganja.

Wifi aliinua kichwa.

Akaitazama stendi. Akamtazama baba yake. Akamtazama kaka yangu, akairudia tena stendi. Funguo zilizokuwa zinalialia mkononi mwake zikanyamaza. Niliona jinsi jambo lile linavyomwingia, polepole, hadi mwisho.

"Na wewe, mke wa mwanangu?" Baba mkwe aligeuka kunitafuta, akaishia kwenye kabati la lenzi, akaliuliza kwa upole kabisa. "Kaka yako amekiri. Ulipaka, au hukupaka?"

Nikakutana macho na wifi. Nilimwomba kwa macho hayohayo. Neno moja lake lingetosha. Baba, hapo unaongea na kabati. Basi. Nami ningekuwa huru, na kaka yangu angekwenda zake.

Wifi akaziweka funguo juu ya kaunta. Akamwendea baba yake kwa nyuma, akamshika mabega kwa mikono miwili, taratibu, kama binti anayemtengenezea baba yake kola. Akamgeuza. Akamgeuza tena kidogo, mpaka uso wa mzee ukanielekea mimi barabara.

"Jibu, wifi," akasema, machozi yanamlengalenga. "Baba anakutazama."